Nani Achange Ngapi? Somo la Mfuko wa Pamoja wa Afrika Mashariki

Somo la Jumamosi: kwa wanafunzi wa darasa la kati na la juu, pamoja na wazazi nyumbani



Katika shule yetu hapa International City mnakaa dawati moja watoto wa asili ya Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo. Mkitoka darasani kila mmoja anarudi kwenye klasta yake: Uingereza, China, Ugiriki, Moroko au Uajemi. Lakini nchi za wazee wenu nazo zinakaa katika nyumba moja, nayo ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanachama wake sasa ni wanane: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda.

Nyumba yoyote ina gharama zake. Swali la somo la leo ni hili: nchi zikiamua kuishi pamoja, nani achange ngapi, na nani aamue fedha hizo zitumikeje? Mtu anaweza kudhani ni swali la wahasibu tu. Utaona kwamba Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilifia papo hapo, kwenye bajeti.

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:
1. kueleza tofauti kati ya mchango wa usawa na mchango wa kadiri ya uwezo;
2. kusimulia kwa ufupi kwa nini Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977;
3. kutaja njia tatu za kurekebisha mfuko wa pamoja, na udhaifu wa kila moja;
4. kutumia kitenzi "changa" na maneno yanayozaliwa nacho.

Msamiati

*Bajeti*: makadirio ya mapato na matumizi ya kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja.
*Malimbikizo*: deni linalokua kwa sababu malipo ya nyuma hayakulipwa.
*Ushuru wa forodha*: kodi inayotozwa bidhaa inapoingia nchini.
*Mkataba*: makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa saini.
*Kauli moja*: uamuzi unaopita pale tu ambapo hakuna anayeupinga.
*Wahisani*: nchi au mashirika ya nje yanayotoa fedha za msaada.
*Pato la kila mtu*: pato la nchi nzima likigawanywa kwa idadi ya watu wake.

1. Tuanzie nyumbani

Katika jengo unaloishi kuna walinzi, wafagiaji, taa za ngazi na, kwenye baadhi ya majengo, lifti. Nani hulipia? Hapa Dubai wenye fleti hulipa ada ya huduma kila mwaka, na ada hiyo huhesabiwa kwa futi ya mraba. Mwenye studio hulipa kidogo, mwenye fleti ya vyumba viwili hulipa zaidi, ingawa wote wanapita mlango mmoja na kulindwa na mlinzi yuleyule. Huo ni mchango wa kadiri: mwenye kikubwa hutoa zaidi.

Sasa mfikirie mama aliye kwenye upatu, au chama kama wanavyosema wenzetu wa Kenya. Watu kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kila mwezi mmoja anapokea. Hakuna anayeulizwa mshahara wake. Huo ni mchango wa usawa.

Taratibu zote mbili ni za haki, kila moja mahali pake. Kwenye upatu usawa unafaa kwa sababu kila mtu atapokea kile alichotoa. Kwenye jengo kadiri inafaa kwa sababu mwenye eneo kubwa ana mali kubwa zaidi ya kutunzwa. Shida huanza pale watu wanapoendesha jengo kwa sheria za upatu, au upatu kwa sheria za jengo. Weka jambo hilo akilini tunaposafiri kwenda Afrika Mashariki.

2. Kapu la zamani

Kenya, Uganda na Tanganyika zilishirikiana mambo mengi tangu enzi za Waingereza: reli, bandari, posta, forodha, hata sarafu. Lakini viwanda vingi vilikuwa Kenya, hasa Nairobi. Mtu wa Mwanza au wa Mbale aliponunua kiberiti, sabuni au sigara, mara nyingi faida na kodi ya kiwanda vilibaki Kenya. Tanganyika na Uganda zikanung'unika.

Mwaka 1961 ukaanzishwa mfuko wa kugawana. Asilimia 6 ya mapato ya forodha na ushuru wa bidhaa, pamoja na asilimia 40 ya kodi ya faida za kampuni za viwanda na fedha, viliingia katika kapu moja. Nusu ya kapu ililipia huduma za pamoja. Nusu ya pili iligawanywa sawasawa kwa nchi tatu. Tazama ujanja wake: kutia ni kwa kadiri ya biashara, kutoa ni kwa usawa. Kenya, yenye viwanda vingi, ilitia zaidi ya ilichopokea. Na fedha zilitoka moja kwa moja kwenye kodi, bila waziri yeyote kukumbushwa kuandika hundi.

Mwaka 1967 viongozi watatu, Jomo Kenyatta, Milton Obote na Julius Nyerere, walitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Kampala. Jumuiya ilianza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo, makao yake makuu yakiwa Arusha. Mkataba uliendeleza wazo la kusawazisha kwa njia nyingine. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliundwa, kila nchi ikatoa mtaji sawa, lakini mikopo ikapangwa hivi: Tanzania asilimia 38.75, Uganda asilimia 38.75, Kenya asilimia 22.5. Mashirika makubwa nayo yaligawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala.

Hata hivyo malalamiko hayakwisha. Kenya iliona inabeba wenzake. Tanzania na Uganda ziliona zinabaki soko la bidhaa za Kenya. Mashirika ya pamoja yalianza kuchelewa kupeleka fedha makao makuu. Halafu siasa zikaongeza petroli kwenye moto: Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi meza moja na Amin. Mamlaka ya juu ya Jumuiya ilikuwa ni marais hao watatu. Wasipokutana, hakuna wa kuamua.

Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama kwa madeni na ugomvi, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kisha ukafika mwezi Juni, mwisho wa mwaka wa fedha. Bajeti ya mwaka 1977/78 haikupitishwa. Tarehe 1 Julai ilipoingia, Jumuiya haikuwa na fedha halali ya kutumia hata shilingi moja. Hakukuwa na hotuba ya kuivunja. Ilikosa bajeti, ikaisha.

Nani aliumia? Si marais. Waliumia wafanyakazi wa reli, posta na bandari ambao ajira zao zilikatika, na wazee waliodai mafao yao mahakamani kwa miongo kadhaa. Ziliumia familia za Namanga, Taveta na Lunga Lunga, ambazo ndugu zao walikuwa ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa mpaka ule ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa makubaliano ya mwaka 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Ukiwa na babu au bibi aliyefanya kazi katika mashirika yale, huna haja ya kitabu. Muulize yeye.

3. Jumuiya ya sasa, na kwa nini ilichagua usawa

Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. (Tarehe 7 Julai mnaijua: ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani.) Wanachama walikuwa watatu walewale. Safari hii waliandika jambo rahisi: bajeti ya Jumuiya italipwa kwa michango *sawa* ya nchi wanachama, pamoja na misaada na vyanzo vingine.

Kwa nini sawa, baada ya yote yaliyotokea? Sababu ni nzito. Anayelipa zaidi hupenda kuamua zaidi. Kila nchi ina wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, iwe kubwa au ndogo. Maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi hupita kwa kauli moja. Mchango sawa uliwekwa ili ulinde sauti sawa, pasiwe na nchi ya kuwaambia wenzake, "Nyamazeni, mimi ndiye ninayewalisha."

Kwa nchi tatu ambazo hazikupishana sana kwa uwezo, jambo hilo liliwezekana. Lakini nyumba imekua. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Burundi na Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na zinatakiwa kutoa kiasi kilekile kinachotolewa na Kenya.

Matokeo yake ni malimbikizo. Baadhi ya nchi hulipa mapema, baadhi huchelewa, na baadhi madeni yao yamerundikana mwaka baada ya mwaka. Vikao vya Bunge vimewahi kuahirishwa kwa ukosefu wa fedha. Na pengo huzibwa na wahisani: kuna miaka ambapo zaidi ya nusu ya bajeti ilitoka nje. Hapo jiulize: ikiwa anayelipa hupenda kuamua, ni nani hasa tuliyemkaribisha mezani?

Je, ni fedha nyingi kiasi hicho? Tufanye hesabu. Bajeti ya Jumuiya ya mwaka 2023/24 ilikuwa dola za Marekani milioni 103.8. Watu wa Jumuiya ni zaidi ya milioni 300. Ukigawanya, unapata kama senti 35 za dola kwa kila mtu kwa mwaka mzima, yaani dirhamu moja na robo hivi. Hiyo ni bei ya chupa ya maji dukani.

Chupa hiyo moja ya maji inalipia Sekretarieti, Bunge na Mahakama vilivyoko Arusha. Inalipia taasisi zilizotawanywa ili kila nchi iguswe: Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoko Jinja, Baraza la Vyuo Vikuu lililoko Kampala, Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Kigali, Kamisheni ya Utafiti wa Afya iliyoko Bujumbura. Na iko moja inayotuhusu sisi moja kwa moja: Kamisheni ya Kiswahili, iliyoko Zanzibar. Mfuko ukikauka, hata kazi ya kukuza lugha unayojifunza leo inasimama.

4. Njia tatu za marekebisho

*Njia ya kwanza: kubadili hesabu ya mchango.* Pendekezo lililojadiliwa sana katika vikao vya Jumuiya ni la 65 kwa 35. Asilimia 65 ya michango ilipwe kwa usawa, na asilimia 35 ilipwe kwa kadiri ya uwezo, kipimo kikiwa wastani wa pato la kila mtu kwa miaka mitano iliyopita.

Tuchukue nchi nne za kufikirika, A, B, C na D, zenye bajeti ya dirhamu 100. Kwa usawa kamili kila moja inatoa 25. Kwa njia ya 65 kwa 35, kwanza kila nchi inatoa robo ya 65, yaani 16.25. Kisha ile 35 inagawanywa kwa uwezo. Tuseme uwezo wa A ni asilimia 40, B 30, C 20 na D 10. Basi A inaongeza 14, B 10.5, C 7 na D 3.5. Jumla: A 30.25, B 26.75, C 23.25, D 19.75. Jumlisha uone kama inafika 100.

Uzuri wake ni kwamba D imepunguziwa mzigo, na hakuna nchi iliyobebeshwa mara mbili ya mwenzake. Udhaifu wake ni upi? Nchi iliyoshindwa kulipa 25 kwa sababu ya vita, itaweza kulipa 19.75? Na kipimo chenyewe kina mjadala. Kongo ina watu wengi na madini mengi, lakini pato la kila mtu ni dogo, kwa hiyo itahesabiwa upande wa wenye uwezo mdogo. Watu wa nchi ndogo yenye pato zuri kidogo wanaweza kuuliza: mbona jitu lile linalipa kidogo kuliko sisi?

*Njia ya pili: chanzo cha moja kwa moja.* Badala ya kusubiri kila wizara ya fedha itoe hundi, sehemu ndogo ya ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ikatwe bandarini na mipakani, iende mfuko wa Jumuiya. Mwaka 2016, mjini Kigali, viongozi wa Umoja wa Afrika waliamua kutoza asilimia 0.2 ya thamani ya bidhaa fulani zinazoingia barani, ili wasitegemee wahisani. Umoja wa Ulaya nao hupata sehemu ya fedha zake kutokana na ushuru wa forodha. Na sisi tulikuwa nalo mwaka 1961: ile asilimia 6.

Udhaifu wake ni kwamba ushuru unakatwa na maofisa wa nchi, na hazina ya nchi huona uchungu kuachia. Uamuzi wa Kigali ulitekelezwa na baadhi ya nchi tu. Kwa nchi yenye bandari kubwa, kama Kenya au Tanzania, kuna swali jingine: kontena la mtu wa Kampala au Goma likishukia Mombasa, mchango ule unahesabiwa wa nani?

*Njia ya tatu: sheria yenye meno.* Mkataba unasema nchi isiyotimiza wajibu wake wa fedha itachukuliwa hatua kama Mkutano wa Wakuu wa Nchi utakavyoamua. Lakini kwa kawaida Mkutano huamua kwa kauli moja, na mdaiwa naye amekaa mezani; maoni yake hayahesabiwi pale tu shauri linapokuwa la kumsimamisha au kumfukuza. Kwa adhabu nyingine, ni kama upatu ambao mtu hawezi kuadhibiwa mpaka yeye mwenyewe akubali. Wapo wanaopendekeza kwamba mdaiwa asiwe na sauti katika shauri lolote linalohusu deni lake. Wengine wanaogopa: ukimtoa mezani ndugu mwenye njaa, je, atarudi?

Ukiziangalia njia hizi tatu pamoja utaona hakuna inayotosha peke yake. Hesabu mpya bila adhabu inazaa deni dogo kuliko la zamani, lakini deni. Adhabu bila hesabu mpya inamwadhibu mtu kwa kuwa maskini. Na chanzo cha moja kwa moja bila kila mtu kuona daftari kinazaa manung'uniko yaleyale ya miaka ya 1960. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Sofa ya Dragon Mart na sera za pamoja

Mfuko ni nusu ya mambo. Nusu ya pili ni sera za pamoja, yaani sheria ambazo wote wameahidi kuzifuata.

Mnaijua Dragon Mart, hapo jirani yetu. Mmeona wafanyabiashara kutoka nyumbani wakinunua fanicha, taa na vigae vya kujaza kontena. Kontena hilo likifika Mombasa au Dar es Salaam linakutana na Ushuru wa Pamoja wa Forodha. Malighafi na mashine nyingi hulipa asilimia 0, bidhaa ambazo hazijakamilika asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Tangu Julai 2022 kuna daraja la nne la asilimia 35, kwa bidhaa ambazo Afrika Mashariki inataka kuzitengeneza yenyewe. Fanicha zimo. Lengo ni kwamba fundi seremala wa Keko au wa Gikomba asimezwe na sofa ya kiwandani.

Lakini kila mwaka, ifikapo mwisho wa Juni, nchi huomba ruhusa ya kutofuata kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja: huyu kwa mchele, yule kwa chuma, mwingine kwa sukari. Kila ombi lina sababu yake. Maombi yakiwa mengi, hata hivyo, ushuru wa pamoja unabaki jina tu. Bidhaa iliyoingia kwa ushuru mdogo nchi moja lazima itozwe tena ikivuka kwenda nyingine, na malori yanapanga foleni kwenye mpaka ambao ulipaswa kuwa mlango wazi.

Mfano mkali zaidi ni wa mitumba. Mwaka 2016 viongozi walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo kuukuu, ili viwanda vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, na Marekani ikatishia kuondoa msamaha wa ushuru iliokuwa ikizipa bidhaa za Afrika chini ya mpango wa AGOA. Kenya, inayouza nguo nyingi huko, ilirudi nyuma mwaka 2017. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo. Sera iliamuliwa na wote, gharama ikalipwa na mmoja, na hapakuwa na mfuko wa pamoja wa kumfuta machozi. Hapo ndipo unapoona kwa nini bajeti na sera haziachani.

6. Majirani zetu wa hapa

Msidhani matatizo haya ni ya Afrika tu. Baraza la Ushirikiano la Ghuba, lililoanzishwa Abu Dhabi mwezi Mei 1981, lina nchi sita, na Sekretarieti yake iliyoko Riyadh hulipiwa kwa michango sawa, kama ya Arusha. Tofauti ni kwamba nchi hizi zina mafuta na gesi, na Sekretarieti yake si mzigo mkubwa kwa yeyote. Lakini kwenye sera, nazo huachana njia. Tazameni risiti ya dukani: kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Ilitokana na makubaliano ya nchi zote sita, lakini Imarati na Saudia zilianza Januari 2018, Bahrain mwaka uliofuata, Omani Aprili 2021, na viwango navyo vikaachana: Saudia sasa hutoza 15 na Bahrain 10. Sarafu ya pamoja nayo haikufika: Imarati ilijitoa katika mpango huo Mei 2009. Afrika Mashariki nayo ilipanga sarafu moja ifikapo 2024, kisha ikasogeza hadi 2031.

Imarati yenyewe ni muungano pia. Mwaka 1971 falme sita ziliungana, na Ras al-Khaimah ikajiunga mwezi Februari 1972. Katiba inasema kila ufalme utachangia sehemu ya mapato yake kwa bajeti ya muungano. Kwa kweli, Abu Dhabi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa kabisa, na Dubai ikafuata. Wakubwa walikubali kubeba zaidi, wadogo wakakubali kwamba sauti hazitalingana: katika Baraza Kuu la Muungano, maamuzi makubwa hayapiti bila Abu Dhabi na Dubai kuwa upande wa wanaoafiki. Hilo ni jibu jingine la swali letu. Je, Afrika Mashariki ingelikubali?

7. Lugha: kitenzi "changa"

*Changa* ni kutoa kila mtu sehemu yake kwa jambo la pamoja. Kutokana nacho tunapata:

changia: Kila nchi inachangia mfuko.
changisha: Kamati inachangisha fedha za shule.
changiana: Majirani wanachangiana gharama za msiba.
mchango, michango: Mchango wake umefika. Michango yao haijafika.
mchangiaji, wachangiaji: Wachangiaji wote wana sauti sawa.

Angalizo: usichanganye na sifa *-changa*, yenye maana ya -a umri mdogo, kama "mtoto mchanga", wala na *mchanga* wa ufukweni. Neno *bajeti* liko katika ngeli ya I-ZI: bajeti imepita, bajeti zimepita. *Ushuru* husema: ushuru umepanda.

8. Mazoezi

1. Jaza pengo kwa neno sahihi (malimbikizo, kauli moja, wahisani, mkataba):
 a) Nchi ikikosa kulipa miaka mitatu, ________ yake yanakua.
 b) Uamuzi ukihitaji ________, mmoja tu anaweza kuuzuia.
 c) ________ wa mwaka 1999 ulitiwa saini Arusha.
 d) ________ waliziba pengo la bajeti.
2. Andika kwa wingi: *Nchi hii imechelewesha mchango wake.*
3. Rudia hesabu ya nchi A, B, C na D, lakini bajeti iwe dirhamu 200, na mgawo uwe nusu kwa usawa, nusu kwa uwezo. D inalipa ngapi? Je, ni haki zaidi au pungufu kuliko 65 kwa 35? Toa sababu.
4. Mjadala wa darasani. Wagawanyike makundi manane, kila kundi nchi moja. Muwe na dakika ishirini kupitisha bajeti kwa kauli moja. Kundi la Sudan Kusini lina deni na linaomba msamaha. Kundi la Rwanda linakumbuka mitumba. Kundi la Kenya linaombwa kulipa zaidi na linataka kujua litapata nini. Muda ukiisha bila makubaliano, andikeni ubaoni: 1 Julai 1977.
5. Insha, maneno 150: "Ningekuwa Waziri wa Fedha wa nchi ya wazee wangu, ningekubali kulipa zaidi ya wengine kama..."

Kwa wazazi

Tunaomba wiki hii mzungumze na watoto kwa Kiswahili juu ya mambo mawili. Kwanza, michango mnayoifahamu: upatu, harambee, rambirambi, ada ya chama cha watu wa nyumbani. Waelezeni mnavyoamua kiwango, na mnavyomfanyia mwenzenu aliyekwama. Watoto watashangaa kuona kwamba mmewahi kuyatatua mambo yanayowashinda mawaziri. Pili, kama kuna mzee katika ukoo aliyefanya kazi Reli, Posta, Bandari au Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mpigieni simu mtoto akiwapo. Mtoto aulize maswali matatu: Ulikuwa unafanya kazi gani? Ulijuaje kwamba Jumuiya imekwisha? Ulilipwa?

Majibu yaletwe yakiwa yameandikwa kwenye daftari, Jumamosi ijayo. Tutayasoma darasani kabla ya mjadala wa zoezi la nne.